Friji Niliyoipangia Saa

Pasiansi, Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Siku ile ulipoanguka darasani ukiwa kidato cha pili, hukuwa umekula andazi, wala pipi, wala soda. Hukuwa umekula kitu chochote ulichokatazwa. Najua. Nimejua tangu asubuhi ya siku ya tatu ulipokuwa umelazwa, na sasa ni miaka mitano.

Nimeanza na hilo ili hata ukiikunja karatasi hii hapa hapa, uwe umeshapata kilicho chako. Yanayofuata ni mzigo wangu, na unaweza kuusoma au kuuacha.

Habari za shuka, ndoo na mtu wa kukupokea chuoni Morogoro mama yako ameshakueleza mpaka umechoka. Habari za sindano zako unazijua kuliko mimi. Sasa hivi uko Kirumba unawaaga wenzako wa kwaya, mama yako yuko jikoni, na mimi nimekaa kwenye meza ya kulia chakula na daftari lako la zamani la jiografia, maana ndilo lililobaki na kurasa tupu. Meseji nimekuandikia mara nyingi miaka hii, nikazifuta zote. Wino haufutiki kirahisi.

Mwaka ule nilipata kazi Capri Point, nyumbani kwa Mzee Hasmukh, yule mfanyabiashara wa nyavu. Nyumba ilikuwa na viyoyozi vingi, na vyote vilinguruma mchana kutwa kwenye vyumba visivyo na mtu. Nikamfungia thamostati zenye saa. Kidude chenyewe ni kidogo kama kiganja. Unakiambia, saa fulani nataka baridi kiasi hiki, saa fulani pumzika, basi, kinatii. Baada ya mwezi mzee akanipigia simu anacheka. "Fundi," akasema, "umeme wangu zamani ulikuwa unapanda pikipiki. Siku hizi unatembea kwa miguu!" Akanipa kidude kimoja kilichobaki. "Chukua, kafunge kwako."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Unaikumbuka friji yetu ya zamani, ile iliyokuwa ikitetemeka mpaka vikombe vya juu yake vinagongana. Haikupumzika, na mita ya luku ilikuwa inapiga kelele kila baada ya siku chache. Mimi fundi wa friji na viyoyozi, nyumbani kwangu umeme unakwisha kama kwa mtu asiyejua kitu! Ile ilikuwa inanichoma. Nikapiga hesabu yangu ya kifundi. Usiku hewa ya huku imepoa kwa upepo wa ziwa, mota haihangaiki, na hakuna anayefungua mlango. Basi friji ifanye kazi usiku tu, ipige baridi kali kabisa, chini ya sifuri, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nikajaza chupa za maji kwenye rafu ya juu zigande, zitunze ule ubaridi mchana kutwa friji ikiwa imezima.

Mama yako alisimama nyuma yangu nikikaza skrubu ya mwisho. Akauliza, "Na dawa za mtoto?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Dawa zinataka baridi. Baridi ndiyo hii."

Nataka ulijue neno hilo. Niliulizwa. Niliulizwa na mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi, na swali lake lilikuwa zuri kuliko hesabu yangu yote.

Wiki tatu za kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Luku ilikaa kimya. Nikawaita majirani, nikawafungulia mlango wa friji waone, nikawaeleza kama mwalimu. Sukari yako ilikuwa nzuri, kwa sababu kichupa cha insulini ulichokuwa ukikitumia kilikaa mlangoni, mbali na baridi ile. Vichupa vipya ndivyo vilivyokuwa nyuma kabisa, rafu ya juu, vimegusana na chupa za maji. Kila usiku viliganda. Kila mchana viliyeyuka. Mtu akivitazama saa nane mchana anaona dawa.

Kisha kichupa cha mlangoni kikaisha, ukafungua kipya.

Ulikuja kwangu nikiwa nafunga viatu. Ulikuwa umekishika kwenye mwanga wa dirisha. "Baba, hii ina chengachenga. Zimeshika kwenye kioo."

"Umeiviringisha viganjani kama mlivyofundishwa kliniki?"

"Nimeiviringisha."

"Viringisha tena. Utachelewa shule."

Hivyo tu. Hata sikunyoosha mkono nikitazame. Ukanipita ukaenda kujidunga, na mimi nikaenda kazini kutengeneza friji za watu.

Mashine yako ya kupimia sukari ikasoma kumi na nane. Kesho yake ishirini na moja. Ukaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kuchunga ng'ombe kiangazi, usiku unaamka mara nne kwenda chooni. Ulikuwa umeishi na kisukari tangu una miaka tisa na hukuwahi kutusumbua hata siku moja, lakini sikujiuliza kwa nini mtoto wa namna hiyo abadilike ghafla. Nikaamua kwamba unakula vitu kwa siri. Nilikuita sebuleni, nikakuuliza, ukakataa. Nikakuuliza kwa sauti kubwa zaidi. Ukakataa. Mama yako akaanza kupekua begi lako kila jioni. Mimi nikafanya jambo baya kuliko la mama yako. Nilikwenda kwenye geti la shule yenu saa ya mapumziko, nikamuuliza yule mama muuza maandazi mbele ya wanafunzi wenzako, "Huyu binti yangu ananunua kwako mangapi kwa siku?" Yule mama akasema hakujui. Nikaona anakuficha. Wewe ulikuwa umesimama kando ya ukuta, unatazama viatu vyako.

Siku nne baadaye walinipigia simu kutoka shuleni.

Ulipofika hospitali mashine yao ilikataa kutoa namba, ikaandika tu kwamba sukari imepita kiwango. Ulikuwa unapumua kwa nguvu kama umekimbia kutoka Bujora, na pumzi yako ilinuka kama matunda yaliyooza. Daktari, mama mmoja mtu mzima, alituuliza maswali huku mikono yake ikiendelea na kazi.

"Dawa mnaihifadhi wapi?"

"Kwenye friji, daktari," nikasema. "Mimi mwenyewe ni fundi wa friji."

"Vizuri," akasema, akaandika. "Basi tuangalie upande wa chakula."

Umeona, mwanangu? Mlango ulikuwa wazi. Yule daktari alikuwa ameushika kwa mkono. Mimi nikaufunga kwa majivuno yangu, tukageuka wote kukutazama wewe uliyelala pale huwezi kusema.

Siku mbili hatukujua kama utarudi. Alfajiri ya siku ya tatu muuguzi akasema umeanza kutulia, mama yako akanituma nyumbani kuleta khanga na maji ya kunywa. Niliingia jikoni kabla ya saa kumi na moja, friji bado inanguruma. Nikatoa chupa ya maji, jiwe. Nyuma yake nikaona boksi la dawa limefanya ukungu mweupe. Nikatoa kichupa, nikakitikisa sikioni. Hakikucheza kitu ndani.

Ndani ya boksi kuna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi. Miaka yote ile sikuwahi kuifungua. Niliikunjua nimesimama pale pale mlango wa friji ukiwa wazi, nikaisoma. Imeandikwa isigandishwe, na ikiganda isitumiwe. Mstari mmoja tu, wala si mgumu.

Ulikuwa unajidunga maji, Kabula. Asubuhi na jioni ulifunua tumbo lako ukajichoma sindano ya kitu kilichokwisha kufa, na aliyekiua ni mimi, kisha nikasimama getini kukuitia aibu.

Nilichukua bisibisi nikaking'oa kile kidude. Nikairudisha friji ilivyokuwa. Vichupa vile nikavitumbukiza chooni, nikanawa mikono. Naandika hivyo nilivyofanya kwa mpangilio wake ili usije ukanitetea moyoni kwamba labda baba alichanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hanawi mikono.

Hata hivyo njiani nilidhamiria kusema. Nilikuwa nyuma ya bodaboda nimekumbatia ile khanga, nayapanga maneno. Nikaingia wodini. Macho yako yalikuwa wazi, midomo imepasuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Kabla sijakaa ukasema, "Baba, naomba mnisamehe. Nilikula andazi. Nilikula mengi, kila siku."

Mama yako akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Muuguzi akakushika mguu juu ya shuka akasema, "Umeona? Ukisema kweli na mwili unapona."

Ulinitazama. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umechoka kuulizwa, ukaamua kutupa tulichokuwa tunakitaka. Mimi peke yangu chumba kizima nilijua kwamba unasema uongo, na najua uliusema ili tupumzike sisi.

Nikasema, "Usirudie tena."

Maneno mawili. Nimeyasikia kichwani kila siku tangu hapo, hata nikiwa juu ya paa la mtu nafunga mashine.

Unaweza kuuliza mtu anafikaje pale. Nimejiuliza pia, na nitakueleza nilipofika, ingawa si udhuru. Kabla hujazaliwa nilikuwa kijana nimeajiriwa kwenye chumba cha baridi cha mfanyabiashara wa samaki. Siku moja nilikosea kupanga baridi, sangara wa siku mbili wakaharibika. Hakuna aliyejua ni mimi, ingeweza kusemwa ni umeme. Nikaenda mwenyewe kwa tajiri nikasema, "Ni mimi." Alinifukuza saa ile ile. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Tuliishi mwaka mzima mimi nikivuka ziwa kwenda Kamanga kila asubuhi kuziba masanduku ya barafu ya wachuuzi, na kuna siku nilirudi mikono mitupu. Nikajifunza somo pale, nikalishika kwa miaka: ukweli unakula nyumba. Nililibeba somo hilo bila kulipima tena, mpaka wodini. Sasa naona kwamba ule mwaka wa Kamanga nilikuwa nalala usingizi mzito. Tangu wodini sijalala hivyo.

Ulipotoka hospitali ukapewa vichupa vipya, sukari ikashuka, na watu wote wakasema, mnaona, ameacha maandazi. Mama yako aliendelea kupekua begi lako mpaka kidato cha nne. Kule Bujora shangazi yako aliwaambia wapishi kwenye harusi ya mwanawe, "Huyu msimpe kitu, mkono wake mwepesi." Ulicheka pamoja nao. Harusi iliyofuata ulisema unaumwa kichwa. Na iliyofuata. Nilijua hukuwa unaumwa kichwa.

Mimi nikawa baba mwema. Nilinunua kipimajoto kidogo nikakiweka kando ya dawa zako, nikawa nakisoma kila nikiamka: kisishuke chini ya mbili, kisipande juu ya nane. Wamama wa kliniki wakanisifu. Walisema wangependa waume zao wanione. Kila sifa niliyopewa ilikuwa imekatwa kutoka kwenye jina lako, na nilizipokea zote nikasema asante.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunafunga mizigo. Ukasema bila kunitazama, "Baba, chumba nitakachopanga tuko watatu, friji ni moja. Nitawaambia mapema kuhusu dawa, na nitawaambia mimi sigusi vya watu." Ulisema ile ya mwisho polepole. Nikaona unabeba lile andazi unakwenda nalo Morogoro, kwa watu wasiokujua, unajitambulisha nalo kabla hawajakushtaki. Nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kutafuta kamba ya mizigo.

Sikuandikii ili uogope vidude vya kubana umeme. Kile kidude hakikukosea hata dakika moja. Kilifanya nilichokiagiza kwa saa niliyokiagiza. Mpaka leo nawafungia watu, na umeme wao unapungua kweli, nami nafurahi. Ila siku hizi kabla sijagusa kitu nawaambia wafungue mlango wanioneshe kilichomo ndani, na ni cha nani. Wengine wananiona nina maneno mengi. Kuna nyumba moja Nyegezi bibi mmoja alinitolea dawa za macho zilizofichwa nyuma ya nyanya, hata watoto wake hawakujua anazitumia. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko lake nikasoma karatasi yote. Akaniuliza, "Fundi, unalia?" Nikamwambia ni vumbi la mota.

Na mtu akikuletea kitu kwenye mwanga wa dirisha akakwambia, tazama hiki, kina chengachenga, tazama. Hata kama umechelewa. Hata kama wewe ndiye mtaalamu na yeye mtoto. Sina ushauri mwingine wa maana kuliko huo, na huo nao umenigharimu kwa mali isiyokuwa yangu.

Leo mchana nilimwambia mama yako. Alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nikasema yote, tangu Capri Point mpaka vichupa vya chooni. Hakuinua uso. Mikono yake iliendelea kuchambua, halafu ikaacha.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, Masanja. Nikasema, na dawa za mtoto."

"Ndiyo."

"Mpaka kidato cha nne nilipekua begi la mwanangu."

Akanitazama, na mtazamo ule sitaki uuone. Nilidhani atanifukuza uani, au atapiga kelele majirani waje. Aliingia ndani akatoka na simu yake. Akampigia shangazi yako Bujora. Walisalimiana kirefu kama kawaida yao, habari za mvua, habari za mahindi, mimi nimesimama pale jua linanipiga. Kisha mama yako akasema, "Wifi, kaka yako ana neno," akanipa simu. "Sema mwenyewe," akaniambia. "Mimi sisemi hata moja kwa niaba yako."

Nikasema. Shangazi yako akasema kwa Kisukuma neno ambalo dada hamwambii kaka yake mkubwa, na lilikuwa haki yangu. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi nilimwambia mkono wake mwepesi mbele ya watu. Nitamwambiaje sasa?" Nikamwambia sijui, hata mimi ndiyo natafuta.

Nimepiga simu nyingine mbili baada ya hapo, kwa baba yako mdogo na kwa mama mchungaji aliyekuombea ile tabia ikutoke. Mwalimu wako wa kidato cha pili sina namba yake. Jumatatu nitamfuata shuleni, na nikiwa getini nitamtafuta yule mama wa maandazi, maana naye nilimfanya mwongo. Yule daktari sijui kama bado yupo. Nitauliza.

Mama yako hajazungumza nami tena tangu mchana. Yuko jikoni anakukaangia sato wa njiani, na kila akipita hapa mezani ananizunguka kama kiti. Sikuombi umshike mkono umtulize kwa ajili yangu. Mwache akasirike. Na wewe usinipe msamaha wa haraka kama ule uliotupa wodini. Najua unavyoweza kumeza kitu ili watu wapumzike. Safari hii usimeze. Ukitaka kukaa muhula mzima bila kunipigia simu, nitajua kupitia mama yako kwamba uko hai, inanitosha.

Nilifikiri kuitia barua hii ndani ya begi lako uikute Morogoro. Ningekuwa salama hivyo, umbali wa siku nzima ya basi. Nimekataa. Kesho saa kumi alfajiri nitagonga mlango wa chumba chako, nitakupa mkononi, nitakaa nje kwenye ngazi. Soma kwa nafasi yako. Ukitoka na maneno, nitayasikiliza yote. Ukitoka na mabegi tu, nitayabeba mpaka getini na mama yako atakusindikiza stendi. Ukiona huwezi kusafiri kesho, usilikimbilie basi kwa sababu ya tiketi. Inabadilishwa, kuna la Jumatatu. Nimeuliza.

Baba yako,
Masanja